Barua Iliyoilemea Mashine

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu za asubuhi, maana ni asubuhi na chai yangu bado inatoa moshi. Magoti yako yanasemaje? Lile la kushoto lililokuwa likilia kama bawaba ya mlango, bado linalia? Macho je? Na usingizi unaupata, au bado unaamka kabla ya ndege unakaa kitandani kama mtu anayesubiri kuitwa? Mimi sijambo ya hivyo hivyo. Kula nakula, kulala nalala, kushuka ngazi ndiyo siwezi, na hilo nitakuja kulisema.

Na wewe mwanangu unayemsomea mama yako, salamu zako pia, ni mimi mama yako mkubwa. Soma polepole. Usiruke, usifupishe. Nakujua, tangu mdogo ulikuwa unameza bila kutafuna ili uwahi kucheza. Leo hakuna kucheza. Kuna mahali mama yako atakwambia acha, na hapo usiache. Tukipafika nitakwambia mwenyewe.

Anayeniandikia ni jirani yangu wa mlango wa pili, tunamwita Bi Chapa, kwa sababu amepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Kesi za watu, talaka za watu, mambo ya aibu ya watu wazima na ndevu zao, yote yamepita kwake na hakuna hata moja aliloliambia mtu. Nikamuuliza anawezaje, mimi ambaye nikisikia jambo linaniwasha ulimi. Akasema yeye neno likiingia sikioni linashukia vidoleni, mdomoni halipiti. Mtu mwema, ila anapiga zile herufi kwa nguvu mpaka kikombe changu kinatetemeka, alizoea mashine za chuma. Na ana tabia ya kunirekebisha. Nikisema yule mpumbavu, yeye anaandika yule bwana. Leo nimemkataza. Leo nikisema mpumbavu aandike mpumbavu, na nikisema futa asifute.

Basi. Niko hapa kwa mjukuu wetu, yule tunayemwita Kijiti. Wewe ulimwona mara moja, akiwa na meno mawili ya chini. Sasa ni dada mzima, mwembamba vilevile, anavaa miwani. Nyumba iko ghorofa ya tano. Nilipohamia lifti ilikuwa inafanya kazi, ndiyo maana nilikubali. Mwezi wa pili ikafa. Wakabandika karatasi inayosema inatengenezwa, na karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano. Mara ya mwisho kukanyaga ardhi ni nilipopelekwa kupimwa presha, nikashushwa kwenye kiti na vijana wawili wa kubeba mizigo, wanagombana njia nzima kuhusu mpira, mimi katikati kama kabati. Nikasema sirudii. Kwa hiyo nina chumba hiki. Kitanda changu, meza ya Kijiti, meza yangu ndogo, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Kuna bomba kwenye ule ukuta, na kutu yake naijua kipande kwa kipande. Kutoka kitandani mpaka dirishani ni hatua kumi na moja. Nikiwa na hasira ni kumi.

Kazi ya Kijiti sikuielewa kwa muda mrefu. Yuko nyumbani kutwa, anatazama kompyuta, halafu wanamlipa. Siku moja nikamwambia anieleze kama mtu anayemweleza ng'ombe. Akasema kuna watu wanatengeneza programu za kompyuta, na yeye kabla hazijatoka anapewa azivunje. Azibonyeze vibaya, azijaze, azichokoze, halafu aandike zimevunjikia wapi. Nikamwambia sisi kwa umri wake tulikuwa tukichapwa kwa hiyo kazi.

Sasa hivi walikuwa na programu ya barua. Si hii ya kwenye simu ya mwanao, hii inakaa kwenye kompyuta yenyewe kama posta: barua zinazoingia zina mahali pake, zinazotoka pake, na zile ambazo hujazimaliza zina chumba chao. Watu wa nje hawajapewa bado, iko kwenye majaribio. Na Kijiti ndiye wa mwisho. Yeye akiweka jina lake chini kwamba imekuwa sawa, inatoka. Asipoweka, haitoki.

Akaja kwangu na kompyuta yake ya zamani, ile yenye kifuniko kilichopasuka, akasema bibi, wewe ndiye mtu ninayemtafuta. Akasema nyumba ishirini zimepewa hii programu ziijaribu, lakini wote ni vijana, wanaandika mistari miwili, wanatuma, wanafunga. Anataka mtu mwenye maneno mengi, asiyejua kompyuta, anayeacha mambo katikati. Nikamwambia hapo umefika. Akaniwekea na neno la siri ili barua zangu asizione yeye wala mtu, tunalijua mimi na Bi Chapa tu. Akasema kitu kimoja, nitumie ninavyotaka, nisijizuie.

Sikujizuia. Mdogo wangu, nilikuwa na neno nataka kukwambia, la siku nyingi, nikaona Mungu kaniletea njia. Siku ileile tukaanza barua yako, mimi na Bi Chapa. Nikakusalimia, nikauliza magoti, nikasimulia lifti, nikafika kwenye lile neno, nikalisema. Bi Chapa akanisomea. Nikasikia linavyosikika kwa sauti ya mtu mwingine, nikamwambia futa. Akafuta. Kesho yake tukaanza tena. Nikasema kwa namna nyingine, akanisomea, nikamwambia futa. Hivyo hivyo siku hamsini na mbili. Ndiyo maana umekaa muda mrefu hujapata barua yangu, na najua ulisema nimekufa au nimejisikia. Nilikuwa nakuandikia kila siku.

Sasa mashine ikaanza kuumwa. Kwanza feni yake ya ndani ikawa inahema kama mtu aliyepanda ngazi zetu. Halafu ikawa nzito. Bi Chapa anabonyeza herufi, anainua kikombe, anakunywa, anakirudisha, ndipo herufi inatokea. Halafu ikawa inaganda kabisa, kioo kimetutumbulia macho, na ukiweka mkono mgongoni mwake ni moto kama pasi. Asubuhi za baridi nilikuwa napashia vidole, sitaki kudanganya.

Kijiti alivyoona akafurahi. Wenzake hufurahi kitu kikifanya kazi, yeye hufurahi kikiharibika. Akaniambia hiyo ni memori. Akaeleza hivi: kompyuta ina kabati na ina meza. Kabatini inaweka vitu, mezani inafanyia kazi. Memori ndiyo meza. Kila programu inapewa nafasi yake hapo, na ikimaliza kitu inatakiwa ikiondoe. Hii ya barua, kwenye mashine yangu, inajitandaza tu. Inapanga vitu juu ya vitu, haiondoi, mpaka hakuna pa kuweka hata kijiko, na programu nyingine zote zimesimama ukutani. Akanionyesha mstari kwenye kioo unaopanda kila siku. Nikauliza wale wa nyumba nyingine je? Akasema wao mstari umelala.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mkuu wao kazini namwita Bwana Kikao, kwa sababu hajawahi kupatikana nje ya kikao. Mimi namsikia kwenye kompyuta ya Kijiti, nimekaa kitandani natazama bomba langu. Sauti laini, mtu wa kukuchinja huku anakuuliza hali. Akasema mashine moja katika ishirini, mashine kuukuu, ya bibi kizee, hiyo si hitilafu, hiyo ni ajali. Aweke jina, programu itoke. Kijiti akasema haweki. Bwana Kikao akasema wale watengenezaji wameijaribu kwao na wameiona nzima, na Jumatatu ndiyo mwisho. Alete sababu inayoonekana kwa macho, au aweke jina. Kama hakuna hilo wala hili, kuna mtu mwingine yuko tayari kukaa kwenye kiti chake.

Nikamuuliza kwa nini usiweke tu jina, mwanangu, jina si la kwako? Akanieleza bila kunitazama. Kuna maofisi, kuna hospitali, mtu anafungua barua asubuhi, anaandika habari za mgonjwa, anafuta, anaandika, anaiacha wazi kutwa nzima. Hiyo mashine itaganda na maneno yake ndani. Halafu akasema na lingine, kwa sauti ndogo. Mwaka jana aliweka jina chini ya programu nyingine kwa kusukumwa hivihivi, ikatoka, ikaharibikia mikononi mwa watu, na aliyetajwa ni yeye, si aliyemsukuma. Ikitokea mara ya pili hakuna atakayempa kazi mjini. Akiweka jina kaisha, asipoweka kaisha. Na sisi wawili tunakula kwa hiyo kazi, hilo hakulisema, nililiona mwenyewe.

Basi akakaa na mashine yangu. Aliizima, akaiwasha, meza ikawa tupu, nikashangilia. Akafungua chumba cha barua zisizoisha, hata hajaisoma, neno la siri hana, ile kuigusa tu mstari ukapanda kama maziwa yanayochemka. Akatuita. Akasema humu kuna barua moja ya ukurasa mmoja na nusu, lakini uzito wake ni kama maktaba. Akatuuliza hii barua mmeifanya nini. Mimi na Bi Chapa tukatazamana kama mbuzi waliokutwa kwenye mchicha.

Ikabidi niseme tumekuwa tukifuta. Akauliza mara ngapi. Nikasema kila siku. Akavua miwani. Mdogo wangu, sikiliza nilichoambiwa, na mimi sikukijua. Ukifuta neno kwenye ile mashine, halifutiki. Kila herufi inayofutwa, mashine inaweka pembeni nakala ya barua nzima kama ilivyokuwa, ili ukijuta useme rudisha, irudishe. Anasema programu zote zinafanya hivyo, ni hisani, ila nyingine zikishafika nakala mia hivi zinatupa za zamani. Hii haitupi. Tena hata ukiizima ukaiwasha, ukiigusa tu ile barua inazibeba zote tena inazimwaga mezani. Barua ikishatumwa ndipo inasafisha. Ndiyo maana wale vijana wa mistari miwili hawakuona kitu. Ilitaka mtu aliyeshindwa kumaliza barua moja siku hamsini na mbili.

Kijiti akaruka kwa furaha. Akanishika mabega akasema bibi umeniokoa. Halafu akasema anachotakiwa kufanya ni kupiga picha ya memori. Si picha ya kamera, ni mashine yenyewe inajitoa nje kila kilichomo mezani, inakuwa faili moja, anawapelekea watengenezaji waone kwa macho yao. Wako kumi na mmoja. Na faili linabaki kwenye taarifa, mtu yeyote wa kampuni akitaka analifungua, miaka na miaka.

Nikamuuliza, na maneno yangu yatakuwemo? Akasema yatakuwemo. Nikauliza hata tuliyoyafuta? Akasema hayo ndiyo hasa, bibi.

Nikasema hapana.

Akanibembeleza mara moja tu. Nikamwambia si unayafunika maneno, unaacha hitilafu? Akasema vimechanganyika kama sukari kwenye chai, na ili ajue afunike wapi itabidi ayasome yote. Nikasema basi choma mashine yote. Akasema akiifuta, ushahidi nao umekwenda. Akaenda jikoni akala amesimama.

Siku tatu, mdogo wangu. Angenipigia kelele ningepona. Hakunipigia. Alichukua mashine nyingine akaanza kuandika upuuzi na kuufuta, kuandika na kufuta, ka ka ka ka kuanzia kifungua kinywa mpaka giza, apate kuujaza mstari kabla ya Jumatatu. Ulipanda upana wa kidole. Akampelekea Bwana Kikao, Bwana Kikao akacheka kwa upole, akasema na yeye akila mara hamsini kwa siku atanenepa. Mimi niko kitandani nasikia yote. Pa kwenda sina. Mtu akikasirika anatoka, anazunguka nyumba, anamsema jirani, anarudi. Mimi nazunguka hatua kumi, nalikuta bomba, narudi. Na chumbani humo humo ile mashine yenye kifuniko kilichopasuka iko wazi kwenye meza yangu, imebeba mdomo wangu wa siku hamsini na mbili.

Nikwambie ubaya wangu wote, maadamu nimeanza. Jana mchana Kijiti alikuwa anaoga. Nikachukua kikombe changu cha chai, kimejaa, nikakishika juu ya zile herufi. Ningesema mkono ulitetemeka. Nani angembishia bibi wa umri huu? Nilikuwa nimeshakiinamisha, na Bi Chapa akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Hakukimbia, hakunishika. Akaketi kwenye kiti chake akasema hiyo chai inapoa. Nikaiweka chini. Akasema mahakamani ameona watu wengi wakiogopa ukumbi uliojaa, lakini ukimtazama vizuri, kila mmoja alikuwa anamkwepa mtu mmoja tu, kwenye benchi la pili. Akasema wale kumi na mmoja hawakujui, hata sura yako hawaijui. Mtu wako wewe ni yule unayemwandikia. Yeye akishasikia, hao wengine wasome mpaka wachoke.

Kijiti alipotoka bafuni nikamwambia apige picha yake. Akaniuliza swali moja tu, kama ni jambo la mama yake, binti yangu. Nikamwambia siyo. Akapiga, nimekaa pembeni yake, ikachukua muda kama wa kuchemsha maharage. Faili liko kwake, hajalifungua. Tumekubaliana haliendi popote mpaka barua hii iwe imeondoka. Leo ni Jumamosi.

Mwanangu unayesoma, hapa ndipo. Nenda kafunge mlango. Ukirudi umshike mama yako mkono, halafu uendelee, na akisema acha, usiache.

Mdogo wangu, unamkumbuka yule mwalimu wa kike mwenye baiskeli. Najua unamkumbuka. Alitukuta kisimani, ukamhesabia njiti za gurudumu lake zote bila kukosea, ukiwa na miaka kumi, hakuna aliyekufundisha. Akacheka, akatufuata mpaka nyumbani, akamwambia baba ana nafasi ya mtoto mmoja kwenye shule ya bweni, na anakutaka wewe. Baba akasema ndiyo. Mimi na wewe tulikuwa mlangoni, tulisikia wote. Mwalimu akasema atakuja Alhamisi na karatasi. Mama akakata gauni lake la buluu akakushonea. Ukasukwa nywele mpaka macho yakavutika. Alhamisi ukakaa kwenye kizingiti tangu asubuhi na mwalimu hakuja. Ijumaa hakuja. Jumamosi ukamuuliza baba, akakwambia yeye mwenyewe amebadili mawazo, msichana wa nini shuleni, kavue hilo gauni.

Tangu siku ile hukumwita baba. Ulimjibu akikuuliza, basi. Ukaolewa ukaondoka. Alipougua akatuma mtu mara mbili kukuita, ukasema una mtoto mchanga. Alikufa ameelekea mlango. Na siku ya kumzika ukaniambia sikioni kwamba yule mzee alikufungia gizani maisha yako yote, na mimi nikakukumbatia. Nikakukumbatia, nikanyamaza.

Mwalimu alikuja. Alikuja Jumatano, siku moja kabla, kwa sababu alipita njia. Nyote mlikuwa shambani, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua. Akaniuliza mdogo wako yuko wapi. Nikamwambia umelala, kwa sababu jana yake ulianguka. Akauliza kuanguka vipi. Nikamwambia unaangukaga, unatoa povu, unajikojolea, na baba anaona haya kusema ndiyo maana alikubali. Nikamwonyesha kovu langu la kiwiko nikasema uliniuma. Akasimama pale ameshika baiskeli muda mrefu. Akasema bweni haliwezi kumpokea mtoto wa hivyo, akasema maskini. Halafu akanitazama akauliza, na wewe je? Wewe hutaki kusoma? Nilitaka. Lakini ningekwenda, mngeuliza kwa nini mimi, na ingejulikana. Nikamwambia mimi nina kazi.

Njiani akakutana na baba. Sikuwepo, lakini usiku nilimsikia baba anamwambia mama, ukuta ule si unaujua, ulikuwa kama kitambaa. Alisema mwalimu amemwambia kwa huruma tu kwamba shule haiwezi kumpokea yule mdogo, na yeye hakuuliza zaidi, aliona haya. Mama akasema mtoto ataambiwaje. Baba akasema mwambie mimi ndiye niliyekataa. Akasema afadhali anichukie mimi kuliko ajione hafai.

Nilisikia hivyo, mdogo wangu, umelala mgongoni kwangu kwenye kile kitanda chetu kimoja, unapumua. Ningeweza kukuamsha.

Kwa nini nilifanya, nimelitafuta jibu siku hamsini na mbili. Kitanda kingekuwa kikubwa. Kazi zote zingebaki zangu. Na niliona utarudi likizo unajua vitu, na mimi nitakuwa wa kuelezwa. Haya yote ni kweli na hakuna hata moja linalotosha. Baada ya hapo kila barua ya maisha yako umesomewa. Za mume wako alizokutumia akiwa mbali, alikuwa anakusomea yule mwenye duka, naye anacheka kwanza peke yake ndipo anakusomea. Uliniambia hilo ukilia, na mimi nikamtukana mwenye duka. Na hii unasomewa na mwanao, na najua sasa hivi anaona aibu kwa ajili yetu wote wawili.

Lipo moja la mwisho. Zile nakala zilizokwama kwenye mashine, unajua kwa nini zilinitia hofu kuliko jambo lenyewe? Kwa sababu kila siku nilijipunguza. Siku ya kwanza nilisema nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bi Chapa akanisomea, nikaona mikubwa, nikamwambia futa, andika tisa. Kuna barua humo nina miaka saba. Kuna nyingine mwalimu alinilazimisha kusema. Kuna nyingine nilikuwa naweweseka kwa homa. Kuna nne ambazo baba alikataa kweli. Wale kumi na mmoja wakizipanga kwa tarehe wataniona ninavyokimbia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikuwa na homa. Nilijua ninachofanya.

Sikuombi msamaha kwa barua, mtu kama mimi aombe akiwa amesimama mbele yako, na mimi ngazi zimenishinda. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, mwanao anajua nyumba. Kama hutaki kusikia sauti yangu tena, nitajua kwa ukimya wako, wala sitamtuma mtu mara mbili. Ila nakuomba kwa ajili ya baba. Ile hasira imekaa kwa mtu asiye wake zaidi ya miaka sitini. Iondoe kwake. Ina mahali pa kwenda, inaijua njia.

Nisalimie mkweo, na wale mapacha, na jirani yako fundi cherehani kama bado anasikia. Bi Chapa anakusalimu, anasema yeye hana la kuongeza. Kijiti naye anakusalimu, hajui kwa nini tumemfukuzia jikoni, nasikia anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Mashine haijaganda bado. Bi Chapa ameniwekea kidole mahali pa kubonyeza ili barua iende, kidole ni changu, cha mkono wa kulia.

Ni mimi dada yako, yule uliyelala mgongoni kwake.